Vioo vya Nyuma vya Bi Mkubwa

Niliondoka Morogoro kwa sababu mbili, na ya kwanza naona aibu kuitaja: nilikuwa natafuta taa. Ya pili ni kwamba nilikuwa nimemfukuza mtu kundini, na roho ilikuwa inanisuta.

Kundi lenyewe ni la mtandaoni, la sisi wapenzi wa gari moja. Jina lake la kiwandani silitaji. Ni gari dogo la familia, aina ya saluni, milango minne, buti linalomeza magunia mawili ya mchele, na sisi tunaliita Bi Mkubwa kwa sababu limezeeka na familia nyingi bila kuziacha njiani. Mimi ni fundi umeme wa magari, na ndimi niliyekuwa msimamizi wa kundi. Mwaka ule wote tulikuwa tunasubiri kitu kimoja tu, sura mpya. Kiwanda kilitangaza kwamba Bi Mkubwa anachorwa upya, bodi na dashibodi. Ikivuja picha ya gari lililofunikwa turubai, tulishinda siku nzima tukibishana: taa zimekuwa nyembamba; mgongo umeshuka; hapana, ni turubai tu limevutwa. Watu wazima wenye wajukuu walikuwa wanaamka alfajiri kuangalia kama kuna jipya.

Kati yetu alikuwepo mtu wa Ifakara aitwaye Ponsian. Kila picha ilipowekwa, yeye aliuliza swali lile lile: "Vioo vya nyuma vya hili jipya vinafunguliwaje umeme ukikata?" Mwanzoni tulimjibu kwamba hatujui. Baadaye tukawa tunamcheka. Siku ilipovuja picha ya kwanza ya ndani ya gari, akauliza mara tatu mfululizo, nikamwondoa. Hakuna aliyenilaumu. Wengi walinipigia makofi.

Baada ya wiki mbili akaniandikia peke yangu. "Fundi Zuhura, Bi Mkubwa wangu yupo nyumbani, Mlabani. Hatembei. Ni toleo la kwanza. Naomba uje uangalie waya za milango. Sina mwingine wa kumuuliza." Toleo la kwanza lina taa za mbele nilizokuwa nimezitafuta kwa miaka. Nikamjibu: Ijumaa nakuja.

Ijumaa, saa kumi na mbili asubuhi, nilipita Msamvu nikiwa na gari langu mwenyewe, Bi Mkubwa niliyeachiwa na marehemu baba. Barabara ya Mikumi ilikuwa na malori mengi. Ndani ya mbuga nyati walikuwa wamesimama karibu na lami, nami sikupunguza mwendo hata kuwatazama. Kichwani nilikuwa nahesabu skrubu za taa. Nilipofika mji wa Mikumi nikakata kushoto, kuelekea bondeni.

Kidatu nilisimama kunywa chai. Hewa ilikuwa nzito kwa harufu ya miwa iliyochomwa. Mfanyakazi mmoja wa mashambani, sare imejaa masizi, alilizunguka gari langu kama mtu anayechagua ng'ombe mnadani.

"Dada, hili jipya linatoka lini hasa?"

"Kesho saa sita mchana wanalifunua."

"Nimelisubiri mpaka mke wangu anaona wivu." Akafungua mlango wa nyuma, akabonyeza swichi, kioo kikashuka. "Zilizokuja huku, hata yangu, zilikuwa na vioo vya kuzungusha. Nani amekuwekea vya umeme?"

"Mimi mwenyewe."

Nikamwonyesha kwa majivuno nilivyofanya: vipini vya kuzungushia nimetoa, mota nimeingiza ndani ya milango, na kiboksi kinachogawa umeme wa vioo vyote vinne nimekificha chini ya kapeti, miguuni kwa dereva, hata waya mmoja hauonekani. Maelekezo hayo niliyaweka kundini zamani, na picha zake. Watu wengi walijifunza kwangu. Nikamtumia na yeye.

Kutoka Kidatu milima ya Udzungwa ilikaa mkono wa kulia, imefunikwa na ukungu kiunoni. Nikapita Mang'ula, nikapita Kiberege, mashamba ya mpunga yakaanza kufunguka kushoto. Saa nane mchana nilikuwa Ifakara, na kwa kuuliza mara mbili nikafika Mlabani.

Ponsian alikuwa bado kazini, kwenye mashine ya kukoboa mpunga. Alinipokea mama yake, bibi mwembamba aliyevaa rozari shingoni.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Wewe ndiye fundi? Pole na safari." Akanitazama kidogo. "Gari liko nyuma ya nyumba. Kalione kwanza, halafu uje ule."

Lilikuwa chini ya kibanda cha bati. Taa zilikuwa nzima, zinang'aa kama zimetoka dukani. Nilinyoosha mkono kuzishika kabla sijaona kitu kingine. Ndipo nikaona mstari wa matope yaliyokauka, umezunguka gari lote, juu kidogo ya vitasa vya milango. Kioo cha mlango wa dereva kilikuwa wazi. Vile viwili vya nyuma vilikuwa vimefungwa, na kimoja kilikuwa na nyufa kama utando wa buibui, lakini hakikuwa kimetoboka.

Bibi alikuwa amenifuata. "Hakukuambia," alisema. Hakuwa anauliza.

Akanieleza akiwa amesimama pale pale. Masika ya mwaka jana Ponsian alikwenda Namawala kumchukua mke wake, Blandina, aliyekuwa kwao na binti yao wa miaka sita, Gaudensia. Mtoto alikuwa na homa kali. Wakawa wanamleta hospitali mjini. Blandina alikaa kiti cha nyuma, amempakata mwanawe. Kwenye kivuko cha korongo maji yalikuwa yanapita juu ya barabara. Ponsian akapima kwa macho, akaona yanapitika. Katikati injini ikazima, na maji yakawasukuma mpaka korongoni. Dirisha la Ponsian lilikuwa limeshushwa, akatokea hapo. Milango ya nyuma ilikuwa imekandamizwa na maji. Vioo havikushuka.

"Alipiga kile kioo kwa kiwiko mpaka mfupa ukavunjika," bibi alisema. "Blandina alikuwa anabonyeza kile kidude. Mwanangu alikuwa anamwona anabonyeza."

Sikula chakula kile vizuri. Kilikuwa wali na perege wa kukaanga, na bibi alikuwa ananiongezea kila nilipopunguza. Ponsian aliporudi jioni alinisalimia kwa upole, akaniuliza habari za barabara, akaniaga, akaenda kulala. Nilijaribu kumwomba radhi kwa kumtoa kundini. Akasema, "Hilo dogo, fundi. Kesho."

Jumamosi saa tatu asubuhi tulifungua milango. Ponsian alikuwa amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, mkono wake wa kulia haunyooki sawasawa. Alitoa bahasha. Ndani yake kulikuwa na picha zangu, zile za kundini, amezichapisha mjini na kuandika namba kila hatua kwa kalamu nyekundu.

"Nilifuata hizi," alisema. "Mke wangu ndiye aliyependa. Alisema gari la kubonyeza lina heshima. Sasa wakwe zangu wanasema nimewaua kwa urembo, kwamba nilijifanya fundi nikakosea. Arobaini ilipopita baba mkwe alinikataza kukanyaga kwake. Mimi nataka kujua nilikosea wapi. Siku nilipofunga niliruka hatua gani?"

Nilibandua ngozi za ndani za milango. Nilifuata waya mmoja mmoja kwa vidole na kipima umeme. Kila kiungo kilikuwa kimefungwa vizuri kuliko vyangu. Nikanyanyua kapeti miguuni kwa dereva. Kiboksi kilikuwa pale pale nilipowaambia watu wakiweke, kimejaa udongo, kimeungua pembeni. Maji yakiingia garini huanzia hapo. Yalikikuta kabla hayajafika magotini kwa mtu yeyote, yakaua vioo vyote vinne kwa pamoja. Na vipini havikuwepo, kwa sababu niliandika vitolewe, tena niliandika: vitupeni, havitahitajika tena.

"Nani alikosea?" Ponsian aliuliza. Hakusema "nini".

"Maji hayana fundi, kaka. Hata vioo vingekuwa vya kiwandani—"

"Sikukuita unifariji."

Wakati huo simu yangu, niliyoiweka juu ya boneti, ikaanza kutetemeka. Saa sita ilikuwa imefika. Ujumbe ulikuwa unaingia mmoja juu ya mwingine, simu inajisogeza kwenye bati kama mdudu. Nikaikamata niizime.

"Ni lenyewe?" akauliza. "Nionyeshe."

Nikampa. Bi Mkubwa mpya alikuwa mwekundu, mrefu, taa zake nyembamba kama wembe. Watu walikuwa wanaandika kwa herufi kubwa, wengine wanasema wamelia. Ponsian alipitisha picha polepole kwa kidole gumba mpaka akafika ya viti vya nyuma. Akaikuza. Akautazama mlango ule muda mrefu.

"Hakuna kipini," alisema. Akanirudishia.

Nikakaa chini kwenye udongo. "Hukukosea," nikamwambia. "Hukuruka hatua hata moja. Kiboksi hakikutakiwa kukaa chini, na vipini vya nyuma havikutakiwa kutolewa. Niliwaambia hivyo kwa sababu ilipendeza. Nilikosea mimi."

Alikunja karatasi zake, akazirudisha kwenye bahasha kwa ule mkono mbovu, ikamchukua muda. Nilisubiri anitukane. Aliinuka, akaingia ndani. Nikasikia bibi anamuuliza kitu. Alipotoka alikuwa ameosha uso.

"Utakwenda kumwambia baba mkwe?"

"Nitakwenda."

Jumapili, baada ya misa ya kwanza, tulikwenda Namawala kwa gari langu. Ponsian alikaa mbele, dirisha lake wazi. Kwenye kivuko hakuniambia ni hapo. Nilijua kwa jinsi alivyoshika kitasa. Korongo lile siku hiyo lilikuwa kijito cha kufika kwenye kifundo cha mguu. Mama mmoja alikuwa anasuuza sufuria. Nilitarajia kuona mahali panapotisha, na hapakuwa na kitu.

Mzee Kasian, baba yake Blandina, alikuwa uani anageuza mpunga uliotandazwa kwenye turubai. Ponsian alibaki nje ya ua. Mimi nikaingia.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba." Alikwisha kumwona aliyeko nje. "Wewe nani?"

Nikamwambia mimi nani. Nikamwambia habari ya kiboksi na vipini, kwa maneno mepesi, bila kujitetea. Nikamwambia mkwe wake alifanya kazi aliyofundishwa, na aliyemfundisha ni mimi. Wakati wote huo mzee hakuacha kuvuta reki yake. Nilipomaliza akavuta mara nyingine mbili.

"Mwaka mzima nimemchukia huyu," alisema. "Sasa unaniletea mtu mwingine nimchukie?"

"Ndiyo, mzee."

"Mjukuu wangu alikuwa na homa tu. Unajua homa ni nini hapa kwetu? Ni kitu cha kila wiki. Angepona." Niliponyoosha mkono kumpa pole, akautazama. "Huo mkono sitaushika."

"Sawa, mzee."

Akainua sauti, haikuwa sauti ya upole. "Ponsian! Umesimama hapo kama mkusanya ushuru. Ingia. Vua viatu, utakanyaga mpunga."

Ponsian akavua viatu nje ya ua, akaingia. Hawakukumbatiana. Mzee alimpa reki, akachukua nyingine iliyoegeshwa ukutani, wakaanza kugeuza mpunga, huyu upande huu na yule upande ule. Nikaenda kukaa garini. Walipokutana katikati ya turubai nilimwona mzee akiushika ule mkono usionyooka, akautazama kwenye kiwiko, kisha akauachia.

Jumatatu asubuhi niliaga Mlabani. Bibi alinifungia mchele kilo chache, na sikuwa na uso wa kuukataa. Ponsian alinisindikiza hadi barabarani. Akasema, "Sijui kama nimekusamehe, fundi. Nikijua nitakuandikia." Nikamjibu kwamba hana haraka.

Nilirudi na vioo vyote vinne vikiwa chini. Mang'ula mvua ya mlimani ilinikuta, nikalowa hadi ngozi, kiti cha baba kikalowa, na mkono wangu haukukubali kwenda kwenye swichi. Pale Kidatu nilimtafuta yule mfanyakazi wa miwa ili nimwambie asifuate maelekezo niliyomtumia. Wenzake walisema yuko shambani. Nikawaachia ujumbe, nikampigia, nikamwandikia.

Nyumbani nilifungua milango ya gari langu nikaweka vipini vya nyuma kabla sijaoga. Kundini nilimwachia mwingine usimamizi, nikaandika yote, na jina langu. Baadhi walinipa pole. Mmoja akasema naharibu wiki ya Bi Mkubwa mpya, na msimamizi mpya akaufuta ujumbe wangu jioni ile ile. Sikushangaa. Nilikuwa nimewahi kufanya vivyo hivyo.

Nilichojifunza Ifakara si kikubwa. Mtu anayeuliza swali moja kila siku huenda ana sababu ambayo hatuna ujasiri wa kuisikia. Na kitu ukikifundisha kwa wengi, huwezi kukifuta kwa wengi. Inabidi uwafuate mmoja mmoja. Nimewatafuta wote ninaowakumbuka. Wapo walioleta magari, nikawawekea vipini vya nyuma na kupandisha vile viboksi juu. Wapo wasiopokea simu tena. Yule wa Kidatu alipokea. Alikuwa amekwisha kumaliza milango yote minne, kazi safi, anajivunia sana. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Ni kweli, dada," alisema, "lakini watoto wameshazoea kubonyeza."

Nimempigia tena leo asubuhi.