Kiondo cha Mvua ya Njahi

Harufu ya maua ya pareto yanayokaushwa haikutoki puani hata uishi miaka mia. Ilitanda juu ya nyumba zetu za nyasi katika shamba la mzungu upande wa Kabazi, na ilikuwa kama imeingia hata kwenye uji. Huko ndiko nilikozaliwa, na huko ndiko nilikojifunza kuhesabu mwaka bila kalenda. Mzungu alikuwa na kalenda yake ukutani, sisi tulikuwa na Nyanya Wangechi. Hakuwa nyanya yangu wa damu; alikuwa mjane mzee ambaye kambi nzima ya wafanyakazi ilimwita nyanya. Kwake mwaka ulikuwa na mvua mbili tu, mvua ndefu ya njahi na mvua fupi ya mawele, na kila mvua ilikuwa na mwezi wake wa kutayarisha, wa kupanda na wa kupalilia. Waswahili husema Kilimia kikizama kwa jua huzuka kwa mvua. Nyanya hakuijua methali hiyo, lakini nyota zenyewe alizijua. Jioni nyota hizo zilipoanza kuinamia magharibi na mwezi mchanga ukaonekana juu ya vilima, alitangaza siku ya kiondo.

Siku ya kiondo ilikuwa sikukuu yetu, na mimi niliipenda kuliko Krismasi. Kila nyumba ilileta konzi tatu za mbegu zake bora, maharagwe au mahindi, na zote zikamiminwa ndani ya kiondo kimoja. Nyanya alizichanganya kwa mkono, akazinyunyizia mate ya baraka, kisha kila mama akachota konzi moja ya kuanzia mstari wa kwanza wa shamba lake, ili pasiwe na nyumba itakayoshiba peke yake. Zilizobaki kiondoni zilikuwa za Nyanya. Hakuwa na mbegu nyingine. Alichopanda msimu ule ndicho alichokula hadi msimu mwingine, na kila mtu alilijua hilo.

Nilikuwa na miaka tisa hivi mwaka ule wa hali ya hatari, wakati neno kiapo, kile cha wapiganaji wa msituni, halikutamkwa hata nyumbani kwako na jirani alichungulia moshi wako ajue umepika saa ngapi. Wanaume wetu walichukuliwa kwenda kuhojiwa, baba yangu akiwemo. Wiki zikapita, hatukupata habari zake. Ila baba yake Njoki, msichana wa jamaa iliyohamia kambini hivi karibuni, alichukuliwa Jumatatu akarudi Jumanne, tena na shati safi. Ai! Hilo shati lilizungumziwa kuliko mvua. "Sisi waume zetu wanaozea huko, yeye anarudi amepigwa pasi," mama alisema. Lisemwalo lipo, wakajibu wenzake, na tangu siku hiyo hakuna aliyechota maji mferejini pamoja na Mama Njoki. Mimi nilikuwa rafiki wa Njoki. Niliacha kucheza naye bila mtu kuniambia.

Asubuhi ya siku ya kiondo nilimkuta mama amechuchumaa jikoni, anamwagia maharagwe yetu mekundu maji yanayotokota. Aliyachuja, akayaanika kwenye ungo karibu na moto.

"Mama, mbona unapika mbegu?"

"Mbegu yangu haitaota mikononi mwa mtu nisiyemwamini. Na wewe hukuona kitu."

"Basi tusiende."

"Tusiende, ili waseme tunaficha nini?"

Tukaenda. Hapakuwa na nyimbo, maana watu wakiimba pamoja askari walikuja. Akina mama walikaa wakitazamana mikono. Wa mwisho kumimina alikuwa Mama Njoki, na alichomimina kilikuwa njahi, zile kunde nyeusi zenye mdomo mweupe, chakula cha mzazi, kitu ambacho mtu humpa anayempenda. "Njahi za nini?" mama alininong'oneza. "Huyo anataka kutununua." Nyanya alichanganya. Vidole vyake vikasimama kidogo, akatutazama mmoja mmoja, na mimi nikajificha nyuma ya mama. Kisha akaendelea kuchanganya. Tulipofika mferejini tukirudi nyumbani, mama alitupa majini konzi tuliyochota kiondoni, bila kupunguza mwendo. Maji tayari yalikuwa yamebeba maharagwe ya watu wengine.

Mwezi haukuisha kabla jamaa ya Njoki haijaondoka. Nyapara alisema wamepata kazi kwenye shamba moja karibu na Gilgil. Njoki alinipungia mkono akiwa juu ya mkokoteni, nami nikainama nikajifanya nafunga kamba ya sketi. Akina mama walishusha pumzi. Mvua ikanyesha vizuri, mashamba yote yakawa kijani, isipokuwa la Nyanya. Wiki ya tatu tulienda kutazama. Udongo ulikuwa mtupu mstari baada ya mstari, na hapa na pale palikuwa na mche. Niliinama kukagua mmoja baada ya mwingine. Kila uliochipua ulikuwa wa njahi.

Nyanya alikuwa amekaa kwenye kigoda ukingoni mwa shamba. "Kumbe mlinipikia," alisema. "Asanteni. Mimi nilidhani mmeniletea mbegu." Kesho yake mama alibeba nusu ya mbegu nzima tulizobakiza akampandia upya, akilia huku anachimba, lakini wakati ulikuwa umepita na mahindi yalikauka yakiwa magotini. Nyanya aliishi kwa njahi msimu ule, na hazikumtosha. Hata hivyo alituletea bakuli. Mama alikaa nalo mapajani mpaka likapoa.

Baba alirudi baada ya mvua mbili. Kwa nini baba yake Njoki aliachiliwa siku moja, sijui hadi leo. Huenda alikuwa msaliti kweli, huenda hawakumtaka tu. Ninachojua ni kwamba mkewe alituletea mbegu hai, nasi tukamfukuza kwa macho.

Siku hizi nina shamba langu hapahapa Kabazi. Mbegu tunanunua dukani, zimepakwa rangi ya waridi, na hakuna anayeuliza mwezi uko wapi. Ningependa kusema nilijifunza. Msimu uliopita jirani mpya, mama kijana mchangamfu kutoka magharibi, aliniletea maharagwe ya kwao kwenye kopo. Nilimshukuru sana, nikamkaribisha chai. Alipoondoka nikawamwagia kuku. Majuzi aliniuliza langoni, "Mathe, zile mbegu zilitoka?"

"Zimetoka vizuri sana, mwanangu," nikamwambia, naye akafurahi.