Mlio wa Bomba Jipya

Wiki iliyopita fundi alinibadilishia koki ya jikoni, hapa Masuguru. Alipoifungulia, bomba lilikohoa, likafyonya, kisha likazomea kama nyoka. Nikaruka nyuma.

"Ni hewa tu, mama," akasema. "Iache itoke, maji yako nyuma yake."

Nilikaa kwenye kigoda, nikakumbuka bomba jingine.

Kule Kang'ata, nilipokuwa mtoto, siku kijiji chetu cha ujamaa kilipofunguliwa bomba lake la kwanza, mimi ndiye niliyekuwa mbele ya foleni. Jua lilichoma na vumbi lilinuka kiangazi. Nilizungusha koki, nikasikia mlio huohuo. Bibi alikuwa amenifundisha kwamba kila chemchemi ina nyoka wake, ndiye mwenyewe wa maji, na ukimsikia, huchoti, unaondoka kimyakimya. Basi nikaifunga koki taratibu, nikawageukia watu, nikanong'ona, "Mwenyewe yupo."

Hakuna aliyenicheka. Wanawake wazima, waliokulia kwenye chemchemi hizohizo, waliinua ndoo zao tupu wakarudi nyumbani bila neno. Mama Zaina, mwenye kichanga mgongoni, naye alirudi.

Jioni mtungi wetu ulikuwa umebaki na maji ya kata moja tu, yenye harufu ya udongo. Mama aliyatazama. Bibi akayachota, akanipa mimi.

"Kunywa, mjukuu wangu. Leo umetuokoa."

Nyumba ya pili, kichanga cha Mama Zaina kilikuwa kinalia. Nikanywa yote.