Dirisha la Nyuma ya Jumbe

Sikumpenda jumbe wetu hata siku moja, na sitajitia kumpenda leo kwa sababu amekwisha kufa. Alikuwa na shingo nene na tabia ya kukuacha umesimama huku yeye anachokonoa meno. Ukimwamkia, alikunyooshea kidole kimoja ukishike. Watu wa Kisarawe walikishika, na mimi nikakishika, maana ndiye aliyekuwa anaamua kesi.

Mimi nilikuwa fundi wa mapazia ya matete. Kazi hiyo niliianzia kwenye maduka ya Wahindi kando ya barabara ya Morogoro. Matete niliyakata Ruvu, nikayaanika, nikayafunga moja moja kwa kamba ya katani mpaka likatoka pazia la kukunjwa juu. Wenye maduka waliyataka ili vitambaa visipauke. Watu hudhani kazi ni kufunga matete tu. Kazi ni kukaa ndani ya nyumba ya mtu tangu asubuhi mpaka jioni, ukiangalia jua linaingia wapi na linamkera nani.

Baraza jipya la mawe lilipokwisha kujengwa, Bwana Shauri, yule Mwingereza mkubwa wa wilaya, aliingia akatoka jasho chapachapa, akaamuru madirisha yote yatiwe mapazia. Nikaitwa mimi. Nikaenda na kipande cha chaki, nikawa nachora sakafuni kila jua lilipofika. Madirisha ya mashariki hayakunipa taabu, kwa kuwa kesi zilisikilizwa baada ya sala ya adhuhuri. Taabu ilikuwa dirisha moja la magharibi, kubwa, nyuma ya kiti cha jumbe. Alasiri jua lilipita juu ya kichwa chake likawapiga usoni wenye kesi waliosimama mbele yake. Nikalipima hilo kwanza.

Jumbe akaniuliza ninafanya nini. Nikamwonyesha alama zangu za chaki.

"Hilo liache," akasema.

"Jua linampiga anayesimama hapa, bwana jumbe. Haoni kitu."

"Mimi namwona. Mwongo akipigwa na jua huinamisha uso, nami nimekwisha mjua. Tia mengine, hilo liache."

"Bwana Shauri amesema yote."

"Bwana Shauri ndiye anayekaa hapa?"

Roho iliniuma, kwa sababu kesi ya mama yangu ilikuwa inakuja. Shemeji yake jumbe alikuwa anaidai minazi ya marehemu baba. Kwetu ardhi yaweza kuwa ya mmoja na mnazi ukawa wa yule aliyeupanda, basi huyo bwana alisema minazi ilipandwa na baba yake. Mama alikuwa hana kingine cha kumlisha. Na macho yake yalikuwa mabovu. Akielekea mwanga tu, machozi yanamwagika. Kila mtu alilijua hilo, na jumbe akiwamo.

Nililitengeneza pazia la dirisha lile kwa ubishi, nikalitundika pamoja na mengine. Kesho yake nikalikuta limetupwa nje kwenye matope, limekanyagwa. Nikaliokota, nikaenda kuliosha, huku nikimtukana kwa matusi ambayo hata sikujua kwamba ninayajua.

Siku ya kesi, shemeji aliitwa kwanza, jua likiwa bado juu ya paa. Alisema kwa raha zake, uso ameuinua. Alipomaliza, jumbe akaagiza maji, akanywa kwa kituo, akazungumza na karani habari za mvua. Mimi nilikuwa nimesimama ukutani naitazama sakafu. Mwanga wa dirisha ulisogea, ukasogea, mpaka ukaifikia alama yangu ya chaki. Ndipo akamwita mama.

Hakumpa hata shikamoo, na mama alikuwa sawa na mama yake mzazi.

"Nani aliyeipanda minazi hiyo?"

"Mume wangu."

"Nitazame mimi, usiitazame sakafu."

Mama akajaribu. Machozi yakamtoka, akajifunika macho kwa upindo wa kanga. Jumbe akawageukia wazee wawili wa baraza walioketi kando yake.

"Mnaona wenyewe. Analia kabla hajabanwa."

Nikatoka pale ukutani, tarishi wa baraza akaniwekea rungu kifuani. Laiti asingekuwapo, ningemkaba jumbe shingo ile ile nene. Mama alikuwa bado amejiinamia, na jumbe, kwa kuona anadharauliwa, akasimama wima, akaegemea meza na kumnyooshea kidole.

"Nitazame, nimesema!"

Mwili wake ukaliziba dirisha lote. Kivuli kikamwangukia mama. Nikamwona anashusha kanga, anafuta macho polepole, anainua uso.

"Sasa nakuona, mwanangu," akasema. "Siku ya kupanda tulipika ubwabwa, tukaita watoto wa majirani, kila mtoto akasimamishwa kwenye shimo lake apate kukumbuka nani kapanda. Wewe ulisimama shimo la mwisho, karibu na kichuguu. Ulilia kwamba wenzako wamekumalizia ukoko, mimi nikakukwangulia mwingine. Haya, waambie wazee, nani alikuwa ameshika jembe?"

Mzee mmoja akamgeukia jumbe.

"Ulisimamishwa shimoni?"

"Nilikuwa mtoto."

"Ndiyo maana ukasimamishwa," mzee akasema. "Jembe alishika nani?"

Jumbe akaketi. Jua likarudi usoni kwa mama, naye akajifunika tena na kungoja. Jibu lilitoka kwa sauti ndogo, lakini lilitoka, na jioni hiyo minazi ikabaki kwetu.

Baadaye jumbe alimtuma tarishi kwangu kulitaka lile pazia. Watu walikuwa wamejua dawa yake: kila mwenye kesi aliinama kimya akimngoja asimame. Nikamwambia tarishi kwamba pazia lina mwenyewe. Nilikuwa nimelitundika upenuni kwa mama, upande wa magharibi, na kila alasiri aliketi nyuma yake akikuna nazi.