Kabichi ya Wakorea na Meza ya Wazazi

Nilipoingia kwenye mgahawa wa Kikorea hapa Tukuyu sikuwa na hasira. Nilikuwa na njaa. Aliyenivuta ni rafiki yangu, fundi cherehani, niliyekaa naye dawati moja mpaka nilipoacha shule. Mgahawa wenyewe ni chumba kimoja pale Ibighi, meza tatu na jiko la mkaa mlangoni. Mwenyewe ni mama wa huku huku, aliyewapikia Wakorea miaka mingi Dar es Salaam, kisha akarudi nyumbani na mapishi yao.

"Nguruwe yumo humu?" rafiki yangu aliuliza kabla hajakaa. Yeye ni Mwislamu.

"Hayumo. Kaa, mdogo wangu. Ng'ombe ni wa Rungwe na mchele ni wa Kyela. Cha Kikorea ni huu mkono wangu tu."

Tuliagiza wali wenye nyama na yai juu. Kabla haujafika, mama akatupangia visahani vinne: kabichi iliyochachushwa kwa pilipili, mchicha wenye ufuta, viazi vitamu vya rangi ya asali, na dagaa wakavu. Akasema hivyo havilipiwi. Rafiki yangu alionja kabichi, akakunja uso.

"Mama, hii imechacha!"

"Ndiyo imeiva hiyo."

Mimi sikuonja. Nilitoa kwenye mkoba kopo langu lenye mfuniko, nikaanza kupakua viazi.

"Unafanya nini?"

"Nawawekea watoto."

"Watoto gani wewe?"

Alikuwa na haki ya kuuliza. Sina mtoto nyumbani. Watoto ni wadogo zangu watatu: mmoja nesi Mbeya, mmoja dereva, na wa mwisho alikuwa anaoa mwezi ule ule. Tangu tumzike mama, baba akiwa ameshatangulia, sijawahi kula kitu kitamu kabla ya kutenga chao. Mkono unakwenda wenyewe.

Nilidhani atanicheka. Aliweka kijiko chini.

"Ndugu zako wote nimeshawapima sare za harusi. Wewe bado."

"Nitapimwa mwisho. Mimi si nakaa meza ya wazazi?"

"Meza ya wazazi namshonea baba yenu mkubwa na mkewe. Wewe nimeambiwa nikushonee aproni."

Baba mkubwa! Matanga yalipoisha tu alikuja na panga, akakata mpaka katikati ya migomba yetu kule Kyimo, akasema shamba lote la chai ni la baba yake. Hakutuletea hata debe la mahindi. Mimi nilikwenda kuchuma chai kwenye mashamba ya watu ili huyo wa mwisho avae viatu vya shule.

Nilimpigia bwana harusi pale pale mezani.

"Dada, usikasirike," alisema. "Upande wa bibi harusi ni walimu watupu. Watakuuliza umeishia darasa la ngapi. Halafu jikoni bila wewe tutaaibika."

"Nilipokubeba mgongoni mpaka hospitali, uliniuliza darasa?"

"Ni meza tu, dada."

"Kama ni meza tu, mwambie baba mkubwa akapike."

Nikakata simu. Viazi nikavirudisha sahanini, nikala. Nikala na kabichi ile yote, kali na chachu, mpaka leo sijui kama niliipenda.

"Nipime," nikamwambia rafiki yangu. "Gauni la mzazi."

Akatoa futi kwenye mkoba, akanipima nimesimama kati ya meza, mama wa mgahawa akituangalia bila kuuliza.

Siku ya harusi nilifika ukumbini mapema, nikakaa. Baba mkubwa akaja na mkewe, akasimama mbele yangu akisubiri nichuchumae kumwamkia, kama tunavyowafanyia wakubwa huku kwetu.

"Mugonile, tata," nikamwamkia nimekaa.

Viti vilikuwa viwili tu; kamati ya harusi ikakimbilia kuleta cha tatu. Mshereheshaji alipowaita wazazi wa bwana harusi wasimame, nilisimama kabla ya baba mkubwa. Walimu wakapiga makofi. Hakuna aliyeniuliza darasa. Mdogo wangu, bwana harusi, alikuwa anaangalia viatu vyake. Hajaniomba radhi mpaka leo, na mimi sijamsaidia kutafuta maneno.