Gari la Viti Viwili

Harufu ya rangi mbichi ya gari hunichefua mpaka leo. Baba alikuwa fundi wa bodi za magari pale Malili, kando ya barabara ya Mombasa, na nilipokuwa darasa la tatu tajiri mmoja wa Nairobi, mkusanyaji wa magari ya kale, alimletea gari dogo la Kijerumani, la wazi, la viti viwili. Lilifika juu ya lori likiwa limeliwa na kutu, na kuku wetu wakalihamia siku hiyohiyo. Baba hakuwahi kupewa kazi kama ile. Alikwangua rangi ya zamani kwa mkono, akanyoosha mabonde yote kwa nyundo, na jioni alikula akilitazama gari badala ya kututazama sisi.

Kosa la Mama lilikuwa usafi. Jumapili moja akina mama wa kanisa walikuwa wanakuja kwetu kwa maombi, na gari lilikuwa uani, bati tupu, limejaa vumbi. Mama akaona aibu. Alichota maji ya kisima chetu, yale ya chumvi yasiyotoa povu hata uyabembeleze, akalisugua kama sufuria. Kesho yake bodi nzima ilikuwa imegeuka rangi ya chungwa kwa kutu. Baba hakumpiga, lakini alisema mbele ya mafundi wenzake, "Mama Mumo, usiwahi shika kitu yangu tena. Wewe kazi yako ni kuharibu tu." Mumo ni mimi. Wiki hiyo Mama alitufungia nguo, mimi na mdogo wangu, tukaenda kwao, kijijini Tulia.

Kwetu Ukambani, mke akirudi kwao, mume humfuata na wazee na mbuzi. Wanaketi, yanasemwa yote, aliyekosa anakiri, ndipo mke anaulizwa kama atarudi. Niliwasubiri wazee hao mpaka nikachoka. Kila mbuzi aliyelia njiani alinitoa mbio. Huko Malili, Baba alikuwa anairudia kazi yote upya, na mimi nililichukia lile gari kwa moyo wangu wote.

Alikuja mchana mmoja wa likizo ya Agosti, akiliendesha lenyewe. Lilikuwa la rangi ya krimu, viti vya ngozi nyekundu, linang'aa mpaka macho yanauma. Alivaa suti ya kanisani na vumbi lilikuwa limemjaa hadi kwenye nyusi. Nadhani, maskini, aliamini kwamba Mama akiliona limepona, hapatakuwa na la kuzungumza. Babu, baba yake Mama, alimpa kiti, akatazama nyuma yake, akauliza taratibu, "Wazee wako wanafuata?" Baba akainamisha kichwa. Mama akatoka jikoni, akalizunguka gari bila kuligusa.

"Ni gari mzuri, Baba Mumo," akasema. "Lakini iko na viti mbili. Hawa watoto utaweka wapi?"

Baba alilitazama gari, akachukua funguo. Aliondoka kabla chai haijaiva, na wazee hakuwaleta kamwe.

Sasa nina watoto wangu. Krismasi naigawa, nusu Malili, nusu Tulia, na nikiwa upande mmoja nachunga ulimi nisiutaje mwingine. Mwezi uliopita nilimpeleka Baba Nairobi kwenye maonyesho ya magari ya kale. Lilikuwepo, zuri kuliko nilivyolikumbuka. Yule tajiri mwenye gari alimkumbatia Baba na watu wakampigia makofi, kisha nikaruhusiwa kukaa ndani. Nilikaa upande wa abiria. Najua si viti vilivyomzuia Mama. Baba angekuja na wazee, tungerudi Malili hata kwa miguu. Hata hivyo nilijikuta nikipima: Mama hapa, mdogo wangu mapajani, mimi nimejibana katikati.

Baba akainama karibu nami. "Nilikuwa nimepima kabla nije," akasema. "Mngetoshea."

"Si ungesema!" nikamfokea, mbele ya wote waliokuwa wakimpigia makofi.