Kilua cha Shangazi Riziki

Jana jirani yangu hapa Nguvumali kapita na ua la kilua kwenye nywele, harufu ikaingia dirishani kabla sijajiziba pua. Niko eda, jamani. Mume wangu amefariki juzijuzi, na kila kinukiacho kwangu ni marufuku. Lakini harufu haibishi hodi. Hii ilinichukua moja kwa moja hadi Mwera, miaka ya hamsini, mimi kitoto cha magoti yenye tope.

Shule ilikuwa mbali, na baba akasema mtoto wa kike hatembei njia ile. Kaka zangu wakaenda, mimi nikabaki. Ndipo dada yake baba, Shangazi Riziki, aliyekaa nyumba ya pili na mumewe, bila mtoto, akasema, "Huyu nitamsomesha miye."

Darasa letu lilikuwa mikokoni, maji yakishatoka. Alinifundisha kuujua mti wa mchu kwa chumvi iliyoganda majanini. Nikalamba, nikatema, naye akacheka mpaka kanga ikamdondoka. Akiona nyayo kwenye tope huniambia, "Soma hapo. Kapita nani?" Nikisema kaa, hatosheki: kaa gani, alikuwa akienda wapi, mbona kakimbia? Basi nikajiona msomi kuliko kaka zangu wote.

Mara mumewe akafa, Shangazi akaingia eda. Sikuelewa kitu ila kwamba mwalimu wangu kafungiwa ndani. Nikawa nakwenda mikokoni peke yangu, nasoma nyayo kwa sauti, na hakuna wa kunisahihisha. Upweke ule, wallahi, nausikia mpaka leo. Nikirudi namkuta keshakaa karibu na mlango.

"Leo umesoma nini?"

Namsimulia yote, nampa majani na magamba ya kaa. Anayapapasa, anauliza maji yalifika wapi.

Siku moja nikakuta mkilua umechanua kando ya njia. Nikafunga maua kwenye pindo la kanga, nikakimbia nayo. Moyoni nilijua atanikumbatia. Kuisikia harufu tu, akajifunika pua, akarudi nyuma mpaka ukutani.

"Toa! Toa nje, mwanangu, utaniharibia eda!"

Hakuna aliyekuwa ameniambia. Mimi nikaona nimefukuzwa. Nikayamwaga maua uani, kuku wakayachakura, nikaenda kulia nyuma ya choo. Tangu siku ile akiniuliza, "Leo umesoma nini?" namjibu nikiwa mlangoni, "Sijaona kitu, Shangazi," napita zangu. Nilidhani ananitahini, kama walimu walivyowatahini kaka zangu, nami mtihani wake siutaki.

Eda ilipokwisha, hazikupita siku nyingi akaolewa Maramba, huko juu mbali na bahari, na darasa letu likafa. Nilibaki na mikoko yangu. Mpaka nimekuwa mtu mzima niliamini kwamba alinichoka.

Leo mchana nilikaa karibu na mlango kumngoja mjukuu wangu atoke shule. Tangu asubuhi sikuwa nimeona ila kuta nne na paka. Nikamuuliza, "Njiani umeona nini, mjukuu wangu?"

"Sijaona kitu, Bibi," kasema, mkoba ukimgonga mgongoni, akapita zake.

Nami, bibi kizee mzima, nikajifunika kanga nikamlilia Shangazi Riziki.