Wifi Yangu Aliyepotelewa na Sauti

Mimi ni dada mkubwa wa Maika, na kwetu Tonga dada wa mume akisema amesema. Kwa hiyo lawama hii naibeba mwenyewe: nilimwona wifi yangu Losaline ananenepa, nikafurahi.

Maika alikuwa mwaka wa pili Australia, akichuma nyanya. Sisi unene hatuuogopi. Mke aliyenawiri ni sifa ya mumewe. "Wifi, mapenzi ya simu yamekukubali!" nikamtania, nikamkatia nyama nyingine ya nguruwe. Aliionja tu. Kumbe alikuwa hali chakula, na mwili unazidi. Jua kali la mchana, yeye kavaa sweta la Maika. Tukisuka mikeka, anasinzia na ukindu mkononi. Nikamwita mvivu, Mungu anisamehe.

Losaline ndiye aliyekuwa akianzisha nyimbo kanisani. Kila Jumapili baada ya chakula Maika alipiga simu: "Niimbie ubeti mmoja, nijione niko nyumbani." Sauti ikaanza kukwaruza, kisha ikawa nzito. Jumapili moja alipoitika, Maika akafoka, "We bwana ni nani? Mpe mke wangu simu!"

Losaline akanirushia simu, akaenda kulia nyuma ya jiko. Tangu siku hiyo hakuigusa tena. Nikawa mimi wa kudanganya: kalala, kaenda kwa mama yake. Siku moja nikaishiwa uongo, nikasema kaenda kufua.

"Kufua Jumapili, dada?" Maika akauliza. Kwetu Jumapili hafui mtu. "Niambie kweli. Amenichoka?"

Nilikata simu nikamfuata Losaline. "Mficha maradhi, kifo humuumbua. Inuka twende kliniki!"

Muuguzi, binti mmoja aitwaye Vasiti, akampapasa shingo, akamwambia ameze mate, akamtoa damu ikapelekwa mjini. Majibu yalikuja baada ya wiki tatu.

"Tezi ya shingoni imezembea," akasema. "Hiyo ndiyo inayochochea moto wa mwili. Ikilegea, chakula hakiungui vizuri, mafuta yanajaa kwenye damu, moyo unakwenda polepole, na sauti nayo inakuwa nzito."

"Na huku kunawiri kwake je?"

"Sehemu ni ugonjwa, mama. Si mapenzi."

Jamani, niliona haya! Losaline yeye aliuliza kitu kimoja tu: "Sauti itarudi?"

"Huenda. Kidonge kila asubuhi, tumbo tupu, siku zote za maisha yako."

Nami niliyezoea kumpelekea chai alfajiri nikaamriwa kukaa na birika langu saa nzima.

Mwezi wa tatu wa vidonge sweta lilivuliwa. Mwili ulipungua kidogo tu, lakini macho yalichangamka. Kuimba alijaribia nyuma ya zizi la nguruwe, asichekwe na mtu. Nilimsikia akipanda, sauti ikimkatikia, kisha anaanza upya. Nilimtamani yule Losaline wa zamani kama mtu aliyesafiri, na huku namwona yule pale.

Mwezi wa sita, Jumapili, simu ililia; Maika tulikuwa bado hatujamwambia kitu, Losaline alinikataza. Losaline akaniwahi, akawasha spika, akaiweka mezani. Hakusalimu. Alianza wimbo, chini kuliko zamani, sauti ikimtetemeka. Mstari wa kwanza ukaisha. Upande wa pili, kimya. Nikasema moyoni, basi, amekata.

Mara sauti nzito za kiume zikaingia. Vijana wetu wote wa Tonga waliolala bweni moja na Maika, kila mmoja ameshika sauti yake, wakamwinua mpaka mwisho wa ubeti. Nilitega sikio nimsikie ndugu yangu. Hakuwemo.

"Maika," Losaline akauliza, "mbona wewe huimbi?"

"Siwezi, mke wangu. Nalia." Akapenga kamasi. "Nilidhani umeniacha. Hebu anza tena tangu mwanzo."